Karatasi ya Mzee Mutiso

Mchana nikisinzia kwenye kochi langu hapa Kabiria, kidole changu cha shahada huanza kutembea chenyewe. Hukata kona, hupanda, huteremka polepole, kisha hurudi kilikoanzia. Wajukuu wangu hunicheka, wanasema nyanya anamwandikia barua mtu asiyeonekana. Siandiki barua, ninachonga. Ziko kazi nilizozimaliza miaka mingi iliyopita ambazo vidole vyangu bado havijakubali kwamba zimekwisha.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza mafunzo ya mashine za chuma zinazoongozwa na kompyuta. Alitaka maneno ya busara. Busara sina ya kugawa, lakini nina kisa cha karatasi, na naamini kitawafaa kuliko busara. Kikiwachosha, mlaumuni mwalimu.

Kwanza mjue kwamba mimi niliingia kwenye ufundi kupitia mlango wa ofisi. Nilikuwa mpiga chapa katika karakana ya Bwana Pritam, pale Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan. Bwana Pritam alikuwa Kalasinga mpole, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi. Kazi yangu ilikuwa kuandika bei na barua, na kuangalia karakana kupitia dirisha dogo la kioo lililojaa vumbi la chuma. Nilipenda kuangalia. Saa nne asubuhi jua lilipenya kwenye mabati mangavu ya paa, moshi wa mafuta ukapanda ndani ya mwanga ule, na mafundi wakaonekana kama watu wanaofanya kazi chini ya maji. Mara nyingi niliandika barua nzima macho yangu yakiwa kule.

Siku mashine ya kompyuta ilipofika, ukuta ulibomolewa ili ipite. Ilikuwa nyeupe, kubwa kuliko chumba nilichokuwa nimekodisha, na ndani yake mlikuwa na taa. Mafundi wa pale wangeweza kukuchongea chochote ukiwaletea chuma, ila kibodi iliwashinda. Kila mmoja alibonyeza kitufe kimoja, akangoja, akaangalia kidole chake. Bwana Pritam aligeuka polepole hadi macho yake yakafika kwenye dirisha langu.

"Nafula, kuja," akasema. "Wewe unaandika bila kuangalia."

Akaniweka mikononi mwa Mzee Mutiso, fundi mkubwa kuliko wote. Alikuwa mtu wa Machakos, mkimya, mzee wa kanisa katika kanisa letu sisi sote wawili hapa Kabiria. Bwana Pritam alisema Mutiso anajua chuma na mimi najua vitufe, kwa hiyo tupatane. Alitupa mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi tungefanya kazi ya kweli, ya mteja wa kweli. Tukifaulu, Mutiso angekuwa mwalimu wa mashine ile na mimi mwanafunzi wake wa kudumu. Tukishindwa, kila mtu angerudi alikotoka, yeye kwenye mashine yake ya zamani ya kukereza, mimi nyuma ya kioo changu. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na sikuwa nimewahi kutaka kitu kama nilivyotaka kile.

Mnafikiri alianza kunifundisha kwa kompyuta? Siku ya kwanza alichukua chaki, akapiga magoti, akachora mraba mkubwa sakafuni. Akaniambia nisimame kwenye kona. "Wewe ndiye kisu," akasema. Kisha akaanza kunisomea namba: hatua tatu kulia, hatua mbili mbele, inuka kwa vidole vya miguu, vuka, shuka, kata. Nikatembea na sketi yangu ya ofisini na viatu vya kisigino, mafundi wakiacha kazi kutazama. Kila nilipokanyaga mahali ambapo jiriwa ingekuwa, ile inayobana chuma kisitikisike, Mutiso alisema "Umekufa," bila hasira, na tukaanza upya. Siku ile nilikufa mara nyingi sana.

Baada ya wiki moja nilikuwa naipita njia nzima nimefumba macho. Hapo ndipo alipowasha mashine, akainua kisu juu ya chuma kiasi cha shubiri, akaniruhusu nibonyeze kitufe cha kijani. Hiyo sisi tuliiita kukata hewa. Mashine inafanya kazi yote, kila kona na kila tundu, lakini hewani, haigusi kitu. Nawaambia ukweli, sijaona kitu kizuri zaidi kazini. Kisu kinazunguka, meza inateleza, na kazi ambayo bado haijazaliwa inapita mbele yako kimya. Mutiso alisema mashine inaota kwanza, na fundi asiyengoja iote atakuja kuota yeye usiku, tena ndoto mbaya. Hata leo mkiona kijana anabonyeza kijani bila kukata hewa, mwambieni Nafula wa Kabiria anamsalimia.

Sasa nije kwenye karatasi.

Mashine haijui chuma chako kimeanzia wapi. Lazima uionyeshe. Siku hizi kipo kidude chenye taa nyekundu ambacho hugusa chuma na kuiambia mashine kila kitu, na nyinyi mtakizoea. Sisi tulitumia karatasi. Unaiweka karatasi juu ya chuma, unaisogeza mbele na nyuma kwa vidole, huku kisu kikishushwa kidogo kidogo kwa gurudumu dogo la mkono. Karatasi inateleza, inateleza, kisha inashikwa. Haikatiki, inashikwa tu, kama mtoto anapokushika nguo kanisani. Hapo unajua kisu kimefika, na kilichobaki katikati ni unene wa karatasi peke yake, ambao unautoa kwenye hesabu.

Ukigawanya milimita moja mara mia, karatasi ya Mzee Mutiso ilikuwa na unene wa sehemu mbili. Ndiyo nyembamba kuliko zote zinazouzwa dukani. Ilikuwa karatasi ya kusokotea sigara.

Mutiso hakuvuta sigara maisha yake yote. Lakini kila Jumamosi alisimama kwenye kioski cha Mama Shiru, hatua chache kutoka lango la kanisa, na suti yake ya kahawia, akanunua pakiti ya karatasi za kusokotea. Karatasi za sigara, bila kununua tumbaku. Mama Shiru alifanya hesabu yake mwenyewe, na kabla ya mwezi kwisha Kabiria nzima ilijua mzee wa kanisa anavuta bangi. Wengine walikumbuka kwamba macho yake ni mekundu. Macho ya mtu aliyeangalia chuma kikikatwa miaka arobaini yawe na rangi gani?

Nilimwonya. Nilimwambia wazee wenzake wanasema lisemwalo lipo, na wanataka kumwita kikaoni ajieleze. Akaendelea kufuta miwani yake. Akasema, "Wakiniuliza nitawaambia. Hawaniulizi." Jumamosi iliyofuata akanunua nyingine.

Basi mimi nikajifanya mwerevu. Nilijiambia pakiti isipoisha, hatakwenda kwa Mama Shiru, na asipokwenda maneno yatajifia. Karatasi ndiyo iliyokuwa kazi yangu, nani angenifundisha karatasi? Asubuhi moja nilifika mapema, nikachukua karatasi za barua za ofisi, nikazikata vipande vya kimo kilekile, sawasawa kabisa, nikavijaza kwenye pakiti yake ndani ya sanduku la zana. Zake nne zilizobaki nikazificha kwenye droo yangu. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda wema nikabaki palepale.

Wiki hiyohiyo kazi ya kweli ikaja. Gurdwara moja mjini, hekalu la Kalasinga, ilikuwa na mashine za kukandia unga, zile za jikoni ambako mtu yeyote huingia akala bila kuulizwa jina. Vifuniko vinne vya shaba vilikuwa vimelika. Tuliletewa vifuniko vipya vilivyosubuliwa, bado na ngozi ya mchanga, vinne kamili na hakuna cha tano. Kwenye kila kimoja tulitakiwa kuchonga kikalio cha beringi, kina chake sawasawa, ili beringi ikae na uso wake ulingane na uso wa kifuniko.

Vile vifuniko havikulingana kimo, kwa hiyo ilibidi kugusa kila kimoja upya. Kwa kazi ile Mutiso alishika karatasi mwenyewe. Aliichovya kwenye mafuta kama kawaida yake, akailaza juu ya shaba, akafumba macho. Mimi nilizungusha gurudumu. "Bado," akasema. "Bado. Bado. Hapo." Nikaandika namba, tukatoa zile mbili, tukakata hewa, kisha tukakata shaba. Maji meupe ya kupoza yalimwagika kama maziwa, nyuzi za shaba zikaruka zikimetameta kwenye dirisha, na ndani ya saa chache vifuniko vinne vilikuwa mezani. Nilidhani ndoto yangu imetimia.

Mutiso akatia beringi kwenye cha kwanza. Akapitisha ukucha wake ukingoni. Ukucha ukakwama.

Beringi ilikuwa imechungulia juu. Akajaribu cha pili, ukucha ukakwama. Cha tatu na cha nne, vilevile. Akachukua kipimo, akapima vyote, akapima tena. Kina kilipungua sehemu nane za mia, kwenye kila kimoja. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kitambaa cha mafuta na nikaona uso wake unabadilika. Si hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma barua aliyokuwa akiitarajia.

Bwana Pritam alikuja, akapitisha ukucha wake mwenyewe. Mutiso ndiye aliyesema.

"Mashine haina makosa. Msichana aliandika namba nilizompa. Ni vidole vyangu vimekufa, Bwana Pritam. Mtu akifika hapo anaenda nyumbani."

Akafungua sanduku lake la zana, akaanza kufuta kimoja kimoja na kukipanga: tupa, patasi, vipimo. Hakuna aliyemzuia. Ilikuwa saa saba, mafundi wakatoka kwenda kula.

Mimi sikwenda. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yakinisumbua. Aliwahi kuniambia kwamba mkono uliochoka hukosea kila mara kwa njia yake, leo tatu, kesho tano, na kwamba kosa likija lilelile mara nne, usiangalie mkono, angalia kitu ambacho mkono umeshika. Nikarudi ofisini, nikatoa zile karatasi nne kwenye droo. Nikachukua maikromita, chombo cha kupimia unene. Karatasi ya sigara, mbili. Karatasi yangu ya barua, kumi. Nikapima tena nikitumaini nimesoma vibaya. Kumi toa mbili.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha kwanza cha kweli, na nilitamani kingekuwa cha uongo.

Nitawaambia jambo ambalo sijapenda kulisema. Sikukimbia kwenda kusema. Nilikaa nikanywa kikombe kizima cha chai. Nikawaza: nikisema, mimi ndiye niliyeharibu, na nitarudi nyuma ya kioo hiki hadi nizeeke. Nikinyamaza, kosa litakuwa la uzee, na uzee haufukuzwi kazi na mtu, unajiendea wenyewe. Labda ataletwa mwalimu mwingine na mimi nitabaki. Chai ikaisha. Kupitia dirisha nilimwona Mutiso amekiinua kisu kidogo hadi kwenye mwanga, anakitazama kwa muda mrefu, kisha anakifunga kwenye kitambaa. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikatoka na karatasi za aina zote mbili na maikromita mkononi. Bwana Pritam naye alikuwa bado amesimama karibu na mashine.

"Mzee, si vidole," nikasema. "Ni karatasi. Ni mimi nilibadilisha."

Nikawaeleza yote, Mama Shiru, bangi, wazee wa kanisa, droo. Bwana Pritam alininyang'anya maikromita akapima mwenyewe. "Nane," akasema. "Kosa ni nane, karatasi ni nane." Kisha akamgeukia Mutiso. "Bangi?" akauliza, na akaanza kucheka hadi akashika jiriwa.

Mutiso hakucheka. Alikaa juu ya sanduku lake, akachukua ile karatasi yangu, akaisugua katikati ya vidole viwili.

"Nilisikia ni nene," akasema polepole. "Tangu asubuhi nilisikia. Nikadhani ni vidole vyangu."

Nililia pale mbele ya mashine, siwafichi. Alikuwa amehisi ukweli kwa vidole vyake mwenyewe na akauamini uzee badala ya vidole. Na aliyempa sababu ya kuuamini ni mimi niliyempenda.

Bwana Pritam alipangusa macho yake. Akauliza kama shaba ya kukata bado iko. Mutiso akasema iko, karatasi nene huacha chuma, na chuma kilichobaki unaweza kukata, kilichokatwa ndicho hurudishi. Haya ndiyo maneno ya pekee katika barua hii ambayo ningependa myaandike kwenye madaftari yenu. Bwana Pritam akanitazama.

"Nani amepima hii karatasi?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha kupima?"

Nikamwonyesha Mutiso.

"Basi kosa moja haliachi mke," akasema. "Rudisha hiyo shaba kwa mashine." Akaenda kula.

Alasiri ile Mutiso alinipa karatasi mojawapo ya zile nne, na yeye akashika gurudumu. Nikafumba macho. Karatasi iliteleza, ikateleza, na mlio wa Grogan ukaenda mbali, honi na nyundo na watu wanaoitana, nikabaki peke yangu na kile kipande chembamba. Kisha kikanishika. "Hapo," nikasema, na yeye akasema, "Hapo," kwa wakati mmoja, ingawa hakuwa ameshika chochote. Ukucha ulipita juu ya beringi zote nne kama unapita juu ya kioo. Jumapili iliyofuata tulialikwa gurdwara, tukakaa chini na kila mtu, tukala chapati za unga uliokandwa na kazi yetu. Sijala chapati nyingine kama zile.

Kwa Mama Shiru nilikwenda mwenyewe, na maikromita mfukoni, nikampimia karatasi na unywele wake mmoja, aone ipi nyembamba zaidi na kazi yake kwetu ni nini. Alishangaa sana. Ilimchukua muda mrefu zaidi kuyarudisha maneno kuliko kuyatoa, lakini aliyarudisha. Mutiso alifanya kazi miaka sita zaidi kabla ya kwenda nyumbani Machakos, na siku ya kuondoka aliniachia pakiti.

Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nikinunua. Mlionikuta kwenye kioski nikiulizia karatasi za kusokotea, na mkaangaliana, sasa mmejua.

Mwaka jana, kile kidude cha taa nyekundu kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa, tukarudi kwenye karatasi kwa siku chache. Nilikuwa na vifuniko vitano vya pampu. Nikafumba macho, nikasema "Hapo" mara tano. Nilipopima kazi, cha kwanza kilikosea tatu. Cha pili, sita. Cha tatu kilikuwa sawa. Cha nne, mbili upande wa pili. Cha tano, nne.

Kosa halikuja lilelile hata mara mbili. Hata hivyo nikachukua maikromita nikapima karatasi, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa vizuri. Ilikuwa mbili kamili.

Makena, msichana wa Jamhuri ambaye nilikuwa nikimfundisha, aliniuliza nini si sawa. Nilimwambia karatasi iko sawa. Nikamwambia afumbe macho, nikaiweka ile karatasi kwenye vidole vyake, na nikashika gurudumu.